Uliza Fundi: Mchwa kwenye nyumba ya kupangisha, na mwenye nyumba haishi hapo

Safari hii barua karibu zote ni mchwa tu, na nyingi zinatoka kwa watu wenye nyumba za kupangisha au wanaojenga ili wapangishe. Sishangai hata kidogo. Nyumba unayolala mwenyewe unaijua, mlango ukianza kugoma unaona, rangi ikibonyea unaona, ila nyumba ya biashara unaweza kukaa mwaka mzima hujaingia chumbani, na mpangaji naye akiona kijia cha udongo ukutani anafuta na kitambaa anaendelea na maisha yake. Basi tuanze, nimezichambua barua nikachukua zile zinazogusa watu wengi.

SWALI: Fundi habari. Nina nyumba tatu za kupangisha kwenye kiwanja kimoja. Mpangaji wa ile ya kati alipohama niliingia kukagua, nikaegemea fremu ya mlango wa bafu ikabonyea kama boksi, ndani tupu kabisa imebaki rangi. Nikanunua dawa ya kopo nikapuliza, wakapotea wiki mbili wakarudi, nikapuliza tena, sasa wametokea fremu ya chumba cha jirani. Nibadilishe fremu zote au nifanyeje? (Baba wa Nyumba Tatu)

JIBU: Pole sana baba, ila fremu usiguse kwanza. Ukiweka fremu mpya leo unawaandalia chakula kipya tu, kwa sababu wale uliowapulizia sio hao wanaokusumbua. Nieleze kidogo maana hapa ndipo hela za watu wengi zinapopotelea.

Mchwa wanaotoka ardhini wanaishi ardhini, wanakuja kwako kula na kurudi. Unaowakuta kwenye fremu ni wafanyakazi, wadudu laini weupe, hawapendi mwanga na wakikaa kwenye hewa kavu wanakauka wanakufa, ndio maana wanajenga vile vijia vya udongo, ni barabara yao yenye giza na unyevu toka chini mpaka kwenye ubao. Malkia yuko chini huko, kwenye aina zinazojenga vichuguu anaweza kutaga maelfu ya mayai kwa siku na kuishi zaidi ya miaka 10. Sasa wewe unaua mia mbili ukutani, huku chini wanazaliwa maelfu. Afu dawa nyingi za kopo zinaua papo hapo na zina harufu ya kuwafukuza, kwa hiyo waliobaki wanaziba kile kijia wanazunguka, wanatokea mlango wa pili. Ndicho kilichotokea kwako, haujakosea kitu cha ajabu, karibu kila mtu anaanza hivyo.

Kinachofanya kazi kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa ni kutibu udongo ulio chini na pembeni ya nyumba. Fundi wa wadudu anayejua kazi atachimba mfereji mdogo kuzunguka msingi kwa nje, anamwaga dawa iliyochanganywa na maji, kipimo kinachotumika sana ni kama lita 5 kwa kila mita moja ya urefu kwa kila sentimita 30 za kwenda chini, kisha anarudisha ule udongo nao ukiwa umelowa dawa. Sehemu zenye sakafu ya zege anatoboa matundu kufuata ukuta, moja hadi lingine kama sentimita 30, anasukuma dawa chini, anaziba. Na nyumba zako zote tatu zitibiwe kwa pamoja baba, ukitibu ya kati peke yake hao wa pembeni wataishi raha mustarehe.

Kuhusu dawa yenyewe, mwambie fundi unataka aina isiyowafukuza, kama fipronili au imidaklopridi. Mchwa hawaijui kama ipo, wanapita ndani yake, wanajipaka, wanarudi kwa wenzao na kulambana kama kawaida yao, na inawaua polepole kwa siku hadi wiki. Usishtuke ukiwaona bado wanatembea siku tatu baada ya kupiga, huo ndio uzuri wake.

Halafu umeniambia fremu ya bafu. Mimi kwenye nyumba za kupangisha nikiambiwa mchwa wameanza bafuni naanza kutafuta maji kabla sijatafuta mchwa. Angalia bomba linalovuja ndani ya ukuta, mlango wa bafu usio na kizingiti maji yanatiririka kwenye mguu wa fremu, taili zilizoachia. Mchwa wanafuata unyevu. Ukitibu udongo na kuacha bomba linavuja, utakuwa unaiosha ile dawa kidogokidogo kwa maji yako mwenyewe.

Hivyo vikiisha, subiri miezi miwili mitatu, hakikisha hamna kijia kipya, ndio uweke fremu. Na kama mfuko unaruhusu, za bafuni weka za chuma au alumini yaishe.

SWALI: Naanza kujenga vyumba sita vya kupangisha. Fundi wangu anasema tumwage oili chafu na chumvi ya mawe chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, ndivyo amefanya miaka yote na haina gharama. Ndugu zangu wanasema nitafute dawa. Nimsikilize nani? (Mama Vyumba Sita)

JIBU: Mama yangu wasikilize ndugu zako. Oili chafu inawakimbiza mchwa kwa muda, ni kweli, ndio maana mafundi wengi wanaiamini, ila haikai sawasawa kwenye udongo, inaacha mapengo, na mchwa wanachohitaji ni pengo moja, ufa wa milimita 1 unawatosha kabisa kupita. Tena oili ya injini iliyotumika ina mabaki ya metali na kemikali zinazoingia ardhini, na ukiwa na kisima kwenye kiwanja hicho hicho utakuja kunywa au kunywesha wapangaji wako. Chumvi nayo ni mbaya kwa jengo, inavuta unyevu na inakula nondo. Yaani unajenga huku unabomoa.

Wewe una bahati ambayo wenzako wote kwenye ukurasa huu hawana, bado uko kwenye udongo. Kupiga dawa kabla ya jamvi ni kazi ya saa chache na ni rahisi mara nyingi kuliko kuja kutoboa sakafu yenye taili watu wakiwa wanaishi ndani, kwa hiyo hapa usibane matumizi hata kidogo, bana kwenye rangi, bana kwenye geti, hapa usibane.

Kwanza safisha. Visiki, mizizi, vipande vya mbao za mafundi, mifuko ya saruji, vigingi vya kupimia, vyote vitoke. Hii watu wanaidharau sana. Nimeshaona kifusi kikishindiliwa juu ya mabaki ya mbao za zege, hiyo ni sawa na kumwekea mchwa chakula mlangoni halafu ukamfungulia nyumba. Kisha kifusi kishindiliwe vizuri, maana udongo uliolegea utatitia baadae na jamvi litapasuka, na ufa ndio mlango.

Udongo ukiwa umeshindiliwa na kusawazishwa ndipo dawa inapigwa, juu ya eneo lote kipimo cha kawaida ni lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita moja ya mraba, na pembezoni mwa kuta na kila mahali bomba linapopenya inaongezwa. Kwenye mabomba hapo simama mwenyewe uangalie mama, ndio sehemu mchwa wanapenda kupandia na ndio sehemu mpigaji mwenye haraka anairuka. Dawa ikishanywewa tandikeni nailoni na zege limwagwe mapema, siku hiyo au kesho yake, msiache jua na mvua vicheze nayo. Mvua ikinyesha kubwa kabla ya zege, irudiwe. Na baada ya dawa kupigwa asiingie mtu na sururu kuchimbua tena njia ya bomba aliyoisahau, kila anapochimbua amekata ukuta wako wa dawa. Nimesema mara nyingi fundi bomba amalize kazi yake kwanza, narudia tena leo.

Ukimaliza nje, zungushia dawa pembeni ya msingi baada ya udongo wa bustani kuwekwa, sio kabla.

Mbao za kenchi nunua zilizotiwa dawa kiwandani kwa presha. Ile ya kupakwa kwa brashi barabarani inaingia juu juu tu, ukikata ubao ndani ni mweupe. Na hata hizo za presha, kila fundi anapokata kwa msumeno ile ncha mpya ipakwe dawa pale pale kabla haijapigwa misumari, mpe kopo na brashi awe navyo juu ya paa. Vipande vinavyobaki visiende jikoni, mbao nyingi za aina hiyo zina shaba, kromu na aseniki, moshi wake ni sumu na jivu lake ni sumu.

SWALI: Mimi ni mpangaji, nina mtoto anayetambaa na mwingine miaka minne. Mwenye nyumba anataka kupiga dawa ya mchwa na kuna kisima nyuma ya nyumba. Nikimuuliza ni dawa gani anasema ile kali ya zamani. Naogopa. (Mama Mdogo)

JIBU: Dada una haki ya kuogopa na una haki ya kuuliza, usione aibu. Hiyo "kali ya zamani" ndiyo inayonitisha hata mimi. Zamani mchwa walipigwa na aldrini, dieldrini, klodani na heptaklo, dawa ambazo zinakaa kwenye udongo miaka na miaka na zinajikusanya kwenye mafuta ya mwili wa binadamu. Zote nne zimo kwenye orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ule wa nchi kukubaliana kuachana na sumu zisizooza. Kama kuna mtu ana dumu la kitu hicho ameliweka stoo mpaka leo, lisifunguliwe kabisa, litolewe taarifa kwa mamlaka ya mazingira.

Mwambie mwenye nyumba kwa upole mambo matatu tu. Aonyeshe chombo chenye lebo, dawa isije kwenye chupa ya maji. Mpigaji aambiwe kuhusu kisima kabla, maana lebo za dawa za udongo zinasema usipige karibu na chanzo cha maji, na pale karibu na kisima kuna njia nyingine ya kutumia mitego ya chambo inayofukiwa ardhini, ndani yake kuna dawa kidogo sana ya kuwazuia mchwa kujivua gamba. Inachukua miezi, na wale mchwa wa vichuguu wanaolima uyoga huwa wagumu kuvutiwa na chambo, lakini karibu na maji ya kunywa mimi ningechagua uvumilivu. Na tatu, wewe na watoto msiwepo wakati wa kupiga, mrudi pakiwa pamekauka, matundu yamezibwa, sakafu imepigwa deki. Mtoto anayetambaa anaweka kila kitu mdomoni, hilo mwenye nyumba mwenye busara atalielewa bila ugomvi.

SWALI: Nimepata nyumba ya kununua, nataka niipangishe moja kwa moja. Imepakwa rangi mpya, inang'aa. Nitajuaje kama kuna mchwa? (Mnunuzi)

JIBU: Rangi mpya kila mahali isikufurahishe mapema ndugu yangu. Sisemi muuzaji anaficha, watu wanapaka rangi ili wauze, ni kawaida, ila rangi mpya inafuta vijia vyote na wewe lazima utumie mikono na masikio badala ya macho.

Chukua bisibisi na tochi yenye mwanga mkali. Gonga fremu zote kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenye sakafu kwenda juu, ubao mzima unajibu kwa sauti kavu nzito, ulioliwa unajibu kama debe tupu. Pale penye shaka omba ruhusa udidimize ncha. Mchwa wanakula sehemu laini wanaacha ngozi ya nje, kwa hiyo fremu inaweza kuwa nzuri kwa macho na ndani hamna kitu. Fungua makabati ya jikoni yote hasa chini ya sinki na angalia ubao wa nyuma unaogusa ukuta, hapo fundi rangi huwa hafiki au amesahau.

Panda darini. Hapa sitaki visingizio, vaa nguo chakavu panda. Angalia kenchi pale zinapokalia ukuta, angalia kama kuna kijia kimepanda juu ya tofali. Silingibodi za jipsamu zina karatasi juu yake na mchwa wanaila ile karatasi, ukiona mistari kama ramani ujue. Nyaya za umeme nazo ziangaliwe, mchwa wanatafuna plastiki ya waya wakiwa njiani, na hapo tatizo linakuwa moto.

Ukiona vipunje vidogo vikavu vimerundikana chini ya ubao kama mchanga, chukua kidogo viganjani. Vikiwa vina pembe sita hivi, vigumu, huyo ni mchwa wa mbao kavu, anaishi ndani ya ubao wenyewe hahitaji udongo kabisa, na kutibu ardhi hakutamfikia, ubao utibiwe kwa kudungwa dawa au utolewe. Ikiwa ni unga laini kama poda na ubao una matundu madogo ya mviringo, basi sio mchwa, ni wadudu watoboa mbao. Watu wanalipia dawa ya udongo kwa tatizo la darini kwa sababu hakuna aliyeinama kuangalia vipunje.

Nje zunguka msingi wote taratibu. Udongo au maua yaliyopanda mpaka juu ya msingi ni tatizo, unatakiwa uone kama sentimita 15 za msingi mtupu pande zote. Muulize muuzaji kama nyumba ilipigwa dawa, lini na dawa gani, na kama kuna chumba kimeongezwa baadae. Vyumba vya kuongeza ndio ugonjwa, unganiko la ukuta wa zamani na mpya mara nyingi halikupigwa kitu. Ukikuta mchwa usikimbie lazima, nyumba inaweza kuwa nzuri bado, ila gharama ya kutibu na kubadilisha mbao iingie kwenye bei kabla hujasaini.

SWALI: Kuna kichuguu nyuma ya nyumba yangu. Nikichimba nikamtoa malkia si nimemaliza? Na kumbikumbi wakitoka ndani ya nyumba ni ishara mbaya? (Msomaji wa Siku Nyingi)

JIBU: Kuchimba kunasaidia kama utafika kweli kwenye chumba cha malkia, ambacho ni kigumu kama tofali na kinaweza kuwa chini kuliko unavyofikiri, ila baadhi ya jamii zina malkia zaidi ya mmoja na nyingine zinaweza kukuza mwingine, kwa hiyo ukimtoa mmoja usilale. Isitoshe mchwa wanaokula fremu yako wanaweza wasiwe wa kichuguu hicho kabisa, wapo wengi wasiojenga chochote juu ya ardhi.

Kumbikumbi angalia wametokea wapi. Wakiingia dirishani usiku kufuata taa baada ya mvua, hao ni wageni, zima taa ya nje, wengi wao watakufa. Wakitoka kwenye ufa wa sakafu, nyuma ya fremu au darini, au ukikuta mabawa yamerundikana chumba kilichofungwa madirisha, hiyo jamii iko ndani au chini ya nyumba na ina umri wa miaka kadhaa tayari, maana jamii changa haitoi kumbikumbi. Mwambie mpangaji akupigie siku hiyo hiyo na apige picha ya pale walipotokea kabla hajafagia.

SWALI: Mpangaji amerundika maboksi na kuni ukutani, mchwa wamepanda. Nani alipe? (Mwenye Hasira Kidogo)

JIBU: Kwa maoni yangu dawa ya nyumba ni ya mwenye nyumba, kwa sababu udongo ni wako na kuta ni zako, mpangaji ataondoka zitabaki. Ila kilichosababishwa na uzembe mnaweza kukiandika kwenye mkataba mapema, kabla ya hasira, yaani kuni, mbao na maboksi vikae mbali na ukuta na visikae chini kwenye udongo, bomba likivuja atoe taarifa, na kijia cha udongo akikiona asikifute, apige simu.

Na wewe uandikiwe lako pia, kwamba utaingia kukagua kwa kumpa taarifa kabla, mara mbili kwa mwaka, moja ikiwa baada ya mvua kuanza. Mpangaji anayejua unakuja na tochi wala huji kumkagua yeye, mara nyingi atakuwa wa kwanza kukuonyesha. Ukikuta kijia, kivunje kipande kidogo katikati tu, weka alama ya penseli na tarehe, rudi baada ya siku chache, kikiwa kimeunganishwa tena ujue kina watu. Kikibaki wazi bado gonga maeneo ya jirani, wanaweza kuwa wamehama njia. Andika kwenye daftari la nyumba hiyo, tarehe, chumba, ulichoona, dawa iliyopigwa na aliyepiga, maana dawa ya udongo inaisha nguvu baada ya miaka kadhaa, na bila daftari utakuwa unakisia mwaka.

Kama nyumba itakaa bila mpangaji, ndio iangaliwe zaidi, kila mwezi. Fungua madirisha, washa bomba zote uone zinazovuja, sogeza chochote kilichoegemea ukuta.